Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh (1831–1910) na Ukoo Wake

Katika sharika kongwe za Usambara jina la Betheli limetajwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Wamisionari Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, walioanza kazi Mlalo mwaka 1891, walitoka mikononi mwa mtu mmoja, naye ndiye aliyewachagua, akawaandaa na kuwaombea. Mtu huyo hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika hata siku moja. Alikuwa mchungaji wa wagonjwa wa kifafa karibu na mji wa Bielefeld, katika jimbo la Westfalia nchini Ujerumani, na jina lake lilikuwa Friedrich von Bodelschwingh. Historia ya usharika wowote uliozaliwa kutokana na kazi ya Misheni ya Betheli haiwezi kukamilika pasipo kueleza mtu huyu alikuwa nani, alitoka ukoo gani, na kwa nini moyo wake uligeukia watu wa mbali.

Jina lake ni jina la mahali. Neno von katika majina ya Kijerumani lina maana ya kutoka mahali fulani, na Bodelschwingh ni kijiji kilicho kaskazini-magharibi mwa Dortmund, ambacho leo ni mtaa wa jiji hilo. Hapo pana ngome ya kale iliyozungukwa na maji, na watu waliokaa ndani yake tangu Enzi za Kati walijiita kwa jina la kijiji. Kadiri vizazi vilivyoongezeka ukoo uligawanyika katika milango. Ngome yenyewe iliondoka katika mikono ya wanaume wa ukoo, ikapita kwa njia ya mabinti walioolewa, kwanza kwa watu wa jina la Plettenberg, kisha kwa watu wa Knyphausen. Mlango mwingine ulikaa Velmede, mashariki zaidi, si mbali na mji wa Hamm. Kwa hiyo watu wenye jina moja waliishi katika eneo moja pasipo kuwa wa nyumba moja, na anayesoma habari zao asidhani kwamba kila aliyeitwa Bodelschwingh alirithi ngome ya Bodelschwingh. Friedrich alikuwa wa mlango wa Velmede.

Eneo hilo lote, kutoka bonde la mto Ruhr hadi Hamm, lilibadilika sana katika karne ya 19. Chini ya mashamba ya koo hizo za kale palikuwa na makaa ya mawe. Mashimo yalichimbwa, matanuri ya kuyeyusha chuma yakawashwa, reli zikapita katikati ya vijiji, na watu wakaja kwa maelfu kutafuta kazi, wengi wao kutoka majimbo ya mashariki ya Prussia, wakiwemo wasemao Kipolandi. Majina mageni yakajaa katika vitabu vya ubatizo vya makanisa. Familia iliyokuwa imejulikana kijijini kwa vizazi kumi ikajikuta inapakana na majirani ambao hakuna aliyewajua babu zao. Ni vema kulikumbuka jambo hili, maana sehemu kubwa ya kazi ya Bodelschwingh ilihusu watu wa namna hiyo: watu walioondoka kwao, wakawa hawana ukoo wa kuwashika pale walipoanguka.

Yeye mwenyewe alizaliwa penye ukoo mkubwa. Alizaliwa tarehe 6 Machi 1831 katika nyumba iitwayo Haus Mark, huko Tecklenburg. Baba yake, Ernst von Bodelschwingh, aliyezaliwa Velmede mwaka 1794, alijeruhiwa vibaya katika vita dhidi ya Napoleon mwaka 1813, akapona, akapanda ngazi za utumishi wa serikali ya Prussia hadi kuwa mkuu wa jimbo la Rhein, kisha Waziri wa Fedha, na baadaye Waziri wa Mambo ya Ndani. Mama yake alikuwa Charlotte wa ukoo wa von Diest. Baba mdogo, Karl von Bodelschwingh, naye alikuwa Waziri wa Fedha mara mbili, hata akajiuzulu mwaka 1866 kwa kutopatana na siasa ya vita ya Bismarck. Ndugu wawili wa tumbo moja kushika wizara ileile kwa nyakati tofauti si jambo la kawaida, nalo laonyesha jinsi jina hilo lilivyokuwa na uzito.

Utoto wake Friedrich aliupitisha kwa sehemu mjini Berlin, karibu na jumba la mfalme. Mwenzake wa michezo alikuwa mwana wa mfalme aliyezaliwa mwaka uleule wa 1831, naye ndiye aliyekuja kuwa Kaisari Friedrich wa Tatu mwaka 1888 na kutawala kwa siku 99 tu kabla ya kufa. Urafiki huo haukufa walipokuwa watu wazima. Mchungaji aliutumia pasipo aibu alipohitaji msaada kwa ajili ya maskini, na mwana wa mfalme hakumpa kisogo.

Mwezi Machi 1848 mapinduzi yalizuka Berlin. Watu walipigana na askari barabarani, na waziri Ernst von Bodelschwingh akaacha kazi yake. Familia ikarudi Westfalia. Friedrich, akiwa kijana wa miaka 17, aliona kwa macho yake kwamba heshima ya jina yaweza kuondolewa kwa usiku mmoja. Alimaliza masomo ya sekondari Dortmund mwaka 1849, kisha akajifunza kilimo, akawa msimamizi wa shamba kubwa huko Gramenz, katika Pomerania. Hakuwa na nia yoyote ya uchungaji wakati huo. Njia iliyokuwa mbele yake ilikuwa ile ya vijana wengi wa daraja lake: shamba, mke wa ukoo unaojulikana, na pengine cheo serikalini.

Kilichomgeuza kilikuwa kijitabu. Katika shamba la Gramenz palikuwa na vibarua maskini, na kijana msimamizi alikuwa na desturi ya kugawa vijitabu vya dini kwa watoto wao. Siku moja alikisoma yeye mwenyewe kimojawapo, kilichokuwa na hadithi ya mtoto maskini wa Kichina. Alipomaliza, aliamua kwenda kuwa mmisionari. Mwaka 1854, mwaka ambao baba yake alifariki, alianza masomo ya theolojia Basel nchini Uswisi, akaendelea Erlangen na Berlin. Wanaoidharau kazi ya kugawa vijitabu mlangoni mwa kanisa wana jambo la kutafakari hapa.

Hata hivyo hakwenda Uchina, wala India. Mwaka 1858 alipelekwa Paris, katika nchi ya Ufaransa. Huko waliishi maelfu ya Wajerumani maskini, wengi wao kutoka Hessen, waliofagia barabara za jiji na kufanya kazi za chini ambazo wenyeji hawakuzitaka. Watoto wao hawakuwa na shule, na wengi walikuwa wakiisahau lugha ya wazazi pasipo kuijua vema lugha ya ugenini. Bodelschwingh alianza kuwakusanya watoto na kuwafundisha, kisha juu ya kilima katika mtaa wa La Villette akajenga shule na kanisa. Aliomba fedha Ujerumani yote. Kuomba ni kazi aliyoijua kuliko wachungaji wengi wa wakati wake, na hakuiacha hadi kifo.

Mwaka 1861 alimwoa Ida von Bodelschwingh, binti wa baba yake mdogo Karl, yule waziri. Katika koo nyingi za Tanzania ndoa ya namna hiyo ingeitisha baraza la wazee. Kwa wakuu wa Westfalia haikuwa ajabu; mashamba na jina vilibaki mahali pamoja. Bibi arusi hakuhitaji kubadili jina. Kutoka nyumba ya waziri, Ida alikwenda kuishi na mumewe miongoni mwa wafagia barabara wa Paris. Lakini afya yake ilidhoofika katika jiji hilo, na mwaka 1864 walirudi Westfalia, ambako Friedrich aliwekwa kuwa mchungaji wa usharika wa Dellwig, kijiji cha bonde la Ruhr karibu na Unna.

Dellwig kilikuwa kijiji cha wakulima, lakini moshi wa viwanda haukuwa mbali. Mchungaji alihubiri, alifundisha kipaimara, akahariri pia gazeti dogo la Kikristo lililosomwa majumbani kote Westfalia. Katika vita vya mwaka 1866 alikwenda kuwa mchungaji wa askari, na hivyo tena katika vita vya 1870 hadi 1871. Nyumbani palikuwa na watoto wanne, Ernst, Elisabeth, Friedrich na Karl. Ukoo ulikuwa umejaliwa, na majina ya babu wote wawili, Ernst na Karl, yalikuwa yamepata wa kuyachukua.

Mwezi Januari 1869 ugonjwa wa kuambukiza wa njia ya hewa uliingia katika nyumba ya mchungaji. Wakati huo haukuwa na chanjo wala dawa. Katika muda wa majuma mawili watoto wote wanne walikufa, mmoja baada ya mwingine. Baba aliyekuwa amezoea kwenda nyumba za wengine kuzika, alizika wake wote. Walilazwa katika makaburi ya Dellwig.

Juu ya msiba huu yamesemwa mengi katika vitabu vya ibada, na si yote yanayopasa. Wengine wameueleza kana kwamba Mungu aliwachukua watoto wanne ili apate mtumishi kwa ajili ya wagonjwa, kama mfanyabiashara anayebadilishana mali. Bodelschwingh hakufundisha hivyo. Yeye alikiri kwamba kabla ya siku zile hakujua jinsi Mungu awezavyo kuwa mgumu, na kwamba kutokana na ugumu huo alijifunza kuwahurumia wengine. Aliandika kijitabu kidogo juu ya kuishi na kufa kwa watoto hao, kilichosomwa na wazazi wengi waliofiwa. Msiba haukufutwa, wala hapakuwa na fidia. Mwezi Septemba mwaka uleule alizaliwa mtoto mwingine, Wilhelm. Mwaka 1872 alizaliwa Gustav, mwaka 1874 binti aitwaye Frieda, na mwaka 1877 mwana wa mwisho, ambaye walimpa jina Friedrich, jina la baba na la kaka aliyelala Dellwig.

Mwanzoni mwa mwaka 1872 aliitwa Bielefeld. Huko, tangu mwaka 1867, palikuwa na nyumba ndogo ya kuwatunza watu wenye kifafa, na tangu mwaka 1869 palikuwa na nyumba ya mashemasi wanawake. Bielefeld ulikuwa mji wa viwanda vya kitani. Kinu kikubwa cha kusokota nyuzi kilichoanzishwa mwaka 1854 kilikuwa kimewaondoa maelfu ya wasokotaji katika vibanda vyao vya mashambani na kuwaingiza kiwandani. Katika nyumba ya mkulima, mtoto mwenye kifafa aliweza kukaa kando ya moto na kuchunga bata. Katika chumba kimoja cha kupanga, wazazi wote wawili wakiwa kiwandani tangu alfajiri, mtoto huyo hakuwa na mahali pa kukaa. Mabadiliko ya viwanda hayakuuleta ugonjwa, ila yaliuondoa ukoo uliokuwa ukiubeba.

Nyumba hiyo ya wagonjwa ilipewa jina Betheli, yaani Nyumba ya Mungu, na nyumba ya mashemasi wanawake iliitwa Sarepta, kwa kumbukumbu ya yule mjane aliyemlisha nabii Eliya. Mwaka 1877 iliongezwa nyumba ya ndugu mashemasi, iitwayo Nazareti. Chini ya uongozi wake nyumba chache zilikuwa kijiji, na kijiji kikawa mji mdogo wenye kanisa lake la Sayuni, shule, mashamba, na karakana za useremala, ushonaji na utengenezaji wa matofali. Kila mgonjwa aliyeweza kufanya kazi alipewa kazi, hata kama ni ya nusu saa. Kuanzia mwaka 1888 stempu zilizokwisha kutumika zilikusanywa kutoka kila upande, na wagonjwa wakazichambua na kuzipanga ziuzwe. Miaka michache baadaye zilianza kukusanywa nguo na vyombo vikuukuu, kwa kufuata agizo la Yesu katika Injili ya Yohana sura ya 6, la kuviokota vipande vilivyosalia ili kisipotee kitu. Kazi hizo mbili zimedumu Betheli zaidi ya karne moja.

Jambo la kuangaliwa ni jinsi watu wa Betheli walivyopangwa kuishi. Hawakulazwa katika mabweni makubwa kama ya kambi. Walikaa katika nyumba nyingi, kila moja ikiwa na mzee wa nyumba na mkewe, ambao mara nyingi walikuwa shemasi na mke wake, na waliomo waliwaita baba na mama. Kila nyumba ilikuwa na jina lake, mengi yakiwa ya Biblia, na mtu alijulikana kwa nyumba anayotoka. Mwana huyo wa ukoo wa Westfalia hakujua namna nyingine ya mwanadamu kuwa salama isipokuwa kuwa na nyumba, jina la nyumba, na wazee. Aliwajengea wasio na ukoo kitu kilichofanana na ukoo. Hapo ndipo penye nguvu ya kazi yake, na hapo pia ndipo penye udhaifu wake, maana katika nyumba ya namna hiyo baba huamua na watoto hutii. Mawazo yake juu ya nchi yalikuwa hivyohivyo. Alimpenda mfalme kama baba wa taifa, na hakuwa na imani na vyama vya wafanyakazi vilivyodai haki badala ya kuomba hisani.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kuhubiri subira kwa maskini huku akikaa kitako. Watu wasio na kazi walizunguka barabara za Ujerumani kwa maelfu, wakilala mazizini na kufungwa na polisi kwa kosa la kuombaomba. Mwaka 1882 aliwafungulia makao ya kazi huko Wilhelmsdorf, karibu na Bielefeld, ambako mtu aliweza kufika pasipo kuulizwa mengi, akalima, akapata chakula, malazi na ujira mdogo. Mfano huo uliigwa katika majimbo mengine. Mwaka 1885 alianzisha chama cha kuweka akiba ili wafanyakazi wa viwanda wapate kujenga nyumba zao wenyewe zenye bustani, kwa maana aliamini kwamba familia inayohamishwa kila mwaka kutoka chumba cha kupanga hadi kingine haiwezi kusimama. Mwaka 1903, akiwa na umri wa miaka 72, alichaguliwa kuingia katika bunge la Prussia. Alikwenda kwa shabaha moja tu, na mwaka 1907 sheria ya kuwapa watu wanaotembea kutafuta kazi mahali pa kulala na kufanya kazi ilipitishwa. Katika umri huohuo wa uzee alianza makao ya wasio na nyumba wa jiji la Berlin, huko Hoffnungstal, mwaka 1905, na mwaka huohuo akafungua chuo cha theolojia Betheli, mahali ambapo wanafunzi wa uchungaji walisoma wakiwa katikati ya wagonjwa.

Kazi ya Afrika ilimfikia kwa njia isiyo nzuri sana. Mwaka 1886 ilianzishwa Berlin jumuiya ya misheni kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Waanzilishi wake walikuwa karibu mno na watu wa makoloni, akina Carl Peters, na wengi wao walihitaji wachungaji na wauguzi kwa ajili ya Wajerumani wenyewe kuliko walivyojali Waafrika. Jumuiya hiyo ilikuwa dhaifu, haikuwa na watu wala fedha. Mwaka 1890 Bodelschwingh alikubali kuisaidia, akatoa mashemasi wanaume na wanawake kutoka Nazareti na Sarepta, na kidogo kidogo roho ya Betheli ikaingia ndani yake, hata mwaka 1906 makao yake yakahamishiwa Bielefeld. Si kweli kusema kwamba alikuwa nje ya ukoloni. Alikuwa mtu wa mfalme, na makoloni yalikuwa ya mfalme. Lakini tofauti kati ya misheni iliyoanzishwa Berlin na ile iliyoongozwa kutoka kijiji cha wagonjwa ilionekana katika kazi yenyewe.

Mlalo ilifuatwa na vituo vingine vya Usambara. Huko Lutindi, katika milima inayoelekea Korogwe, mwaka 1896 yalifunguliwa makao kwa ajili ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, kazi ambayo ndugu wa Betheli waliishika. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lutindi iligeuka kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, wakati ambapo katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki wagonjwa hao walifungwa minyororo au kuachwa porini. Anayeifahamu Betheli anaitambua Lutindi pasipo kuelezwa, kwa shamba, kwa karakana, na kwa imani kwamba mtu aliyechanganyikiwa bado anaweza kushika jembe na kuketi mezani. Mwaka 1907 Johanssen alivuka hadi Rwanda, na mwaka 1910 kazi ikafika Bukoba. Katika sehemu zote hizo wamisionari walikuta watu ambao walijua mtu kwa kumuuliza ukoo wake kwanza. Kwa mwalimu wao wa Westfalia hilo lisingekuwa geni.

Ida alifariki mwaka 1894. Mchungaji aliendelea miaka 16 baada yake, akizidi kudhoofika, hata akafa Betheli tarehe 2 Aprili 1910, akiwa na miaka 79. Alizikwa Betheli, mbali na Velmede na mbali zaidi na ngome iliyoupa ukoo jina.

Watoto wanne waliozaliwa baada ya msiba waligawana urithi wake, na urithi huo ulikuwa kazi. Wilhelm alihudumu Sarepta hadi alipofariki mwaka 1921. Frieda alibaki Betheli, akafa mwaka 1958. Friedrich mdogo alichukua uongozi mwaka 1910. Mwezi Mei 1933 makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani yalimchagua kuwa Askofu wa Taifa, lakini wafuasi wa Hitler walimpinga kwa nguvu, akajiuzulu mwezi uliofuata. Habari za miaka iliyofuata haziwezi kusomwa pasipo huzuni. Chini ya sheria ya kuwazuia wagonjwa wasizae, watu wengi wa Betheli walifanyiwa upasuaji kwa lazima, na uongozi wa Betheli haukuipinga sheria hiyo. Mwaka 1940 serikali ilipoanza kuwaua wagonjwa, Friedrich alikataa kujaza fomu zilizotakiwa na akawasihi wenye mamlaka waache, na wengi waliokolewa. Lakini wagonjwa Wayahudi walichukuliwa mwezi Septemba mwaka ule, wakauawa. Nyumba iliyojengwa iwe ukoo wa wasio na ukoo haikuweza kuwashika watoto wake wote. Friedrich alikufa mwaka 1946 pasipo mtoto. Kuanzia mwaka 1959 hadi 1968 Betheli iliongozwa tena na Friedrich von Bodelschwingh, huyu akiwa mtoto wa ndugu yake, wa tatu kushika jina hilo na kazi hiyo.

Mwaka 1971 Misheni ya Betheli iliungana na Misheni ya Rhein, na kutoka muungano huo ukatokea ushirika ambao Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania ni mwanachama wake, pamoja na dayosisi nyingine za kanisa hilo. Taasisi za Betheli zinaendelea kuitwa kwa jina la Bodelschwingh, na wengi wanaoishi ndani yake wanalitamka jina hilo kila siku pasipo kuwa na tone la damu ya ukoo huo.

Amebaki Gustav, ambaye hutajwa kwa nadra. Katika watoto wote wa mchungaji, yeye ndiye aliyekuja Afrika Mashariki kuwa mmisionari, akaona jinsi watu walivyojenga nyumba kwa udongo wa mahali pao, pasipo kununua tofali wala kusubiri fundi. Alirudi kwao, akawa mchungaji wa Dünne, kijiji cha wilaya ya viwanda vya sigara kaskazini mwa Bielefeld. Baada ya Vita vya Kwanza familia za wafanyakazi zilikuwa na njaa ya nyumba, na saruji na makaa ya kuchomea matofali havikupatikana kwa bei ya maskini. Kuanzia miaka ya 1920 Gustav aliwafundisha kuufinyanga udongo wa mashamba yao kwa mikono, mafungu kama mikate, kuyapanga yangali mabichi na kuyaacha yakauke kwa upepo na jua. Wanawake na watoto walijenga pamoja na wanaume baada ya saa za kiwandani. Gustav alifariki mwaka 1944, na baadhi ya nyumba hizo za udongo zingali zinakaliwa.